Kisa cha Muyuni: Azawakh wa zawadi au Basenji wa kulipia

Kesi yenyewe iko hivi. Jamaa mmoja mtu wa Muyuni, kaishi Ujerumani miaka mingi, saivi karegea nyumbani kabisa, ana konde ya muhogo na viazi vitamu kule juu kwenye maweni na nguruwe hawamwachii kitu. Wakishuka usiku wanang'oa mashina, wanakula wanachokula na kinachobaki wanakikanyaga. Kalala dungu, kawasha moto, kafunga makopo kwenye uzi, nguruwe anaogopa siku mbili tatu alafu anazoea. Wasasi wakija na mbwa zao wanaua wawili watatu, konde inapumua kidogo, alafu mwezi haujaisha wamesharudi. Kwaiyo kaona awe na mbwa wake mwenyewe wa kusakia, na kwa vile huko alikokuwa alijuana na watu wanaofuga mbwa wa asili maalum, hataki mbwa wowote tu, ana aina mbili mkononi, zote adimu na zote chimbuko lake Afrika: Azawakh na Basenji. Akaniita mie kwa sababu kazi yangu mifugo. Ngombe na mbuzi zaidi, lakini huku Kusini Unguja ukishakuwa mtu wa mifugo basi mbwa wa wasasi nao wanaletwa kwako.

Na kilichoifanya kesi iwe ngumu si mbwa peke yake. Azawakh anapewa bure, rafiki yake anafuga, jike lake limezaa, kamwambia chukua wawili zawadi yangu kwako. Basenji lazima alipe, na mfugaji wake hapunguzi. Kila mtu aliyeulizwa akasema chukua wa bure. Mie nikamwambia amwache wa bure, na naandika hapa kwa nini, maana najua kuna watu wengine Unguja na Pemba wanaopitia mawazo haya haya na hawana wa kuwauliza.

Tuanze na Azawakh. Huyu ni mbwa wa Sahel, ule ukanda mkavu chini ya jangwa la Sahara, mpakani mwa Mali na Niger, jina lake limetoka kwenye bonde la Azawagh, na wenye mbwa hawa ni Watuareg na wafugaji wenzao wa jangwani. Ni mrefu mno, dume linafika sentimita 64 mpaka 74 begani, lakini uzito wake ni kilo 20 mpaka 25 tu, yani ukimtizama ubavuni mbavu unazihesabu na si kama ana njaa, ndo umbile lake lilivyo. Anawinda kwa macho. Anamwona swala au sungura kwenye uwanda wa wazi anamfukuza mpaka anamchosha. Ulaya wamefika miaka ya 1970, na FCI, lile shirikisho la kimataifa la mambo ya mbwa, liliwatambua 1981, wakati ule wakihesabiwa pamoja na Sloughi, mbwa wa mbio wa Afrika Kaskazini, baadae ndo wakapewa jina lao wenyewe. Tena kwao Sahel si mbwa wa kuwinda peke yake, ni mlinzi wa kambi, akisikia mgeni usiku anainuka na wenzake wanamfuata. Hapo ndo jamaa alipopenda zaidi, kasema nikimpata huyu nimepata msasi na mlinzi wa konde kwa mpigo mmoja. Na hoja hiyo si ya kuipuuza, nitairudia chini.

Basenji yeye ni mtu wa msitu. Kongo. Mdogo, sentimita 40 mpaka 43, kilo 10 au 11, masikio yamesimama, mkia umejikunja mgongoni, na kipaji cha uso kina makunyanzi ukimwita. Habweki kama mbwa wengine, ana sauti yake ya kupandisha na kushusha kama mtu anaimba kooni, na kulia analia, lakini ule ubwekaji wa hau hau mfululizo hana. Kwa vile yuko kimya, wawindaji wa kwao wanamfunga kengele ya mti au ya kibuyu shingoni ili wajue yuko wapi ndani ya kichaka, na kazi yake kubwa ni kumtoa mnyama na kumsukuma mpaka kwenye nyavu zilizotandwa. Shika hapo kwenye nyavu.

Sasa maweni. Aliyekulia Makunduchi, Kibuteni, Kizimkazi au huko Muyuni sina haja ya kumwelezea, lakini kwa ambaye hajafika: ardhi ni jiwe la matumbawe la kale, limetoboka toboka, lina ncha, katikati ya mawe kuna mashimo yamefunikwa na majani, na juu yake kichaka kimeshikana cha miiba na mizizi kiasi kwamba mtu mzima akiingia hatua kumi wenzake hawamwoni. Tulikwenda na jamaa na mzee mmoja msasi wa zamani sana wa pale, jamaa akamwambia, "Ami, mie nafikiria yule mbwa wa mbio, anakimbia huyo hakuna mnyama anayemwacha." Mzee akamuuliza, "Mbio za wapi mwanangu? Humu mbwa hakimbii, humu mbwa anapenya."

Mie nadhani nusu ya kesi iliishia pale. Mbwa anayewinda kwa macho anahitaji kuona mbali, na pale hakuna mbali. Anahitaji kunyoosha miguu, na mguu wa Azawakh ni mrefu na mwembamba, akiwa kasi ukaingia kwenye tundu la jiwe unavunjika. Nikawaomba wanipe mbwa mmoja wa mzee, jike la kienyeji, kazaliwa pale pale na anaingia maweni tangu mdogo. Nikaushika mguu wa mbele nikautanua vidole. Nyayo ngumu kama soli ya kandambili ya tairi, na bado katikati ya vidole viwili nikakuta kipande cha jiwe kimezama, chembamba kama ukucha wa mtoto mchanga, nyama imeanza kukizunguka. Nikakitoa kwa koleo ndogo, nikasafisha kwa maji ya chumvi, mbwa hata hakulalamika. Huyo ndo mwenyeji wa mawe yale. Sasa mchukue mbwa wa nyanda za mchanga, ngozi yake nyembamba, mafuta chini ya ngozi karibu hana, umwingize mle amfukuze nguruwe. Kila tawi litamchana.

Kuna jambo jengine la kidaktari ambalo watu hawalijui. Mbwa akipasuliwa na meno ya nguruwe lazima ashonwe, na kumshona lazima alazwe usingizi. Mbwa hawa wembamba wa mbio hawachukui dawa za usingizi kama mbwa wengine, hasa zile za zamani za aina ya thaiopentali, kwa sababu mafuta ni kidogo na ini linaisafisha dawa pole pole, kwaiyo anaweza kulala muda mrefu mno au asiamke vizuri. Ukiwa mjini mwenye dawa za kisasa unapanga. Ukiwa Muyuni saa kumi na mbili jioni mbwa matumbo nje, unatumia kilichopo mkobani.

Na Basenji je, yeye mawe hayamkati? Yatamkata. Sikumficha jamaa hilo. Lakini ni mwepesi, mfupi, anaingia chini ya kichaka badala ya kukivunja, na akianza mdogo nyayo zinakomaa. Na hapaswi kupigana na nguruwe hata kidogo, nguruwe dume anaweza kufika kilo 100 na Basenji kilo 11, hiyo hesabu haina mjadala. Kazi yake ni kumtafuta, kumsumbua na kumsogeza. Wanaoua ni watu.

Hapo ndo tunarudi kwenye nyavu. Wasasi wa Unguja wanasaka kwa nyavu na mbwa tangu zamani: nyavu inatandwa upande mmoja, watu na mbwa wanaingia upande wa pili wanapiga kelele, mnyama anakimbilia nyavuni. Ni usasi ule ule wa watu wa misitu ya Kongo na Basenji wao. Yani humlazimishi mbwa ajifunze kazi mpya, unamleta kwenye kazi anayoijua kwa asili yake.

Na hili kwangu ndo kubwa kuliko la miguu. Mle kichakani hamna nguruwe peke yake. Kuna paa, kuna kima, kuna kima punju, na kuna paa nunga ambao dunia nzima wamebaki Zanzibar na misitu michache ya pwani ya Kenya. Muyuni iko pua na mdomo na hifadhi ya Muyuni na Jambiani, na Jozani na Ghuba ya Chwaka imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2004. Paa nunga haguswi, hakuna kibali cha kumsaka, na usasi wenyewe unasimamiwa chini ya sheria ya misitu namba 10 ya 1996. Sasa mbwa hajui sheria. Azawakh akimwona paa nunga anamfukuza kimya, anamwangusha na kumkaba, wewe ukifika unakuta mzoga. Hakuna cha kurekebisha tena. Kwa nyavu, mnyama unamkuta hai. Ukimkuta nunga, yule mwenye shungi jekundu kichwani na mstari mweupe kwenye mapaja, unamfungua anakwenda zake. Nimewaona wasasi wa pale wakifanya hivyo, wengine kwa kupenda wengine kwa kuogopa faini, mie kote nashukuru. Mbwa unayemchagua ndo anayeamua kama utapata nafasi ya kumfungua mnyama au hupati. Mtu akiniambia anataka mbwa wa mbio kwa kusini Unguja, hili ndo la kwanza nitamwambia, hata kabla ya mawe.

Alafu likaja suala la dini, na lilichukua muda kuliko yote kwa sababu jamaa ni mtu wa msikitini na mkewe hataki mbwa karibu na nyumba. Kufuga mbwa kwa kusakia, kwa mifugo na kwa shamba kumeruhusiwa, hilo halina utata, na aya ya 4 ya Suratul Maida inaeleza wazi wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Mbwa akifundishwa, akatumwa kwa bismillahi, alichokamata ni halali, ila akikila yeye mwenyewe basi usile, kajikamatia nafsi yake, ndo hadithi ya Adiy bin Hatim. Na kwa nyavu hata mashaka hayo yanapungua maana paa wa kibali unamkuta hai unamchinja kwa mkono wako. Ute wa mbwa ni najisi nzito kwa madhehebu yetu ya Shafii, unaosha mara saba moja kwa udongo, kwaiyo tukakubaliana banda liwe kule kule konde, sahani zake mbali, nguo za kusakia zisiingie ndani. Mke akaridhika.

Lakini bei? Hapo ndo wale waliosema chukua wa bure wakapata nguvu. Kwa Shafii kuuza mbwa haisihi, hata awe wa kusakia, na hadithi ya kukatazwa thamani ya mbwa imo katika Bukhari na Muslim. Azawakh ni zawadi, hana tatizo hilo, Basenji ana bei. Jamaa akalipeleka kwa shehe wake. Alivyojibiwa, kama alivyonieleza, ni kwamba amwombe mfugaji ampe mbwa bila ya bei, alafu amlipie gharama zilizomtoka: chanjo, vipimo, cheti, kreti ya safari, chakula cha miezi ile. Mfugaji wa Ujerumani kwanza hakuelewa kabisa, alafu akakubali kuandika karatasi kwa namna hiyo, gharama moja moja, na jumla ikashuka kidogo kuliko ile aliyotaja mwanzo. Mie si mtu wa kutoa fatwa, mwengine mwenye jambo kama hili akaulize wake.

Hata wa bure ana gharama zake nzito pia, na hapa watu wengi wanajidanganya. Ndege ni ile ile, kibali cha kuingiza mnyama ni kile kile, cheti cha afya kile kile. Azawakh mrefu vile anataka kreti kubwa, na mizigo ya ndege inahesabiwa kwa ukubwa wa kreti pia. Tulipopiga hesabu ya kumfikisha mpaka uwanja wa Abeid Amani Karume, tofauti baina ya wa bure na wa kulipia haikuwa kubwa kama ilivyosemwa barazani.

Maradhi sasa. Kuna zuri moja la Unguja: mbung'o hawapo. Walimalizwa kwa kuachia madume yaliyofanywa tasa, na 1997 kisiwa kikatangazwa hakina mbung'o tena, kwaiyo nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o na unaoua mbwa vibaya sana, haimsumbui mbwa wa hapa. Ila ukimvusha Bara kwenye mbung'o umemweka hatarini, jamaa ana shamba Bagamoyo na nikamwambia mbwa asiende. Kupe ndo adui. Kupe wa kahawia wa mbwa anachukua vijidudu vinavyoshambulia damu, na mbwa aliyekulia Ujerumani kwa kawaida hajakutana navyo. Mwenyeji anaugua anapona, mgeni anaanguka: hali chakula, homa, ufizi unakuwa mweupe, wakati mwengine damu puani. Ile homa ya kupe inayoitwa erlikia ikiwahiwa inatibika kwa dawa ya doksisaiklini, ikichelewa ni ngumu kutibika. Kwaiyo dawa ya kupe kila mwezi bila kuruka, na kila akitoka maweni mkono upite masikioni, katikati ya vidole na chini ya mkia. Hili linawahusu Azawakh na Basenji sawa sawa.

Chanjo ya kichaa haina mjadala, kuanzia wiki 12, na irudiwe. Pemba kichaa cha mbwa kilishapotea 2014 kwa chanjo, kikarudi 2016, ikabidi kazi ianze upya mpaka kikatoka tena. Na chanjo ya distempa, ule ugonjwa wa virusi unaoua mbwa, isisahauliwe: Basenji wa kwanza waliopelekwa Uingereza 1895 walikufa nayo muda si mrefu baada ya kufika, ikabidi watu wasubiri mpaka miaka ya 1930 kupata wengine.

Basenji ana ugonjwa wake wa ukoo, Fanconi, na bila kuueleza huu nitakuwa nimempendelea. Figo zinashindwa kurudisha sukari na vitu vyengine mwilini, vinatoka na mkojo. Mara nyingi unaanza baina ya miaka 4 na 8, mbwa kashazoea kazi na pengine kashazaa. Anakunywa maji mno, anakojoa mno, anakonda. Kipimo chake rahisi, ile karatasi ya kuchovya kwenye mkojo inayouzwa famasi kwa watu wa kisukari, ukikuta sukari kwenye mkojo wakati ya damu iko sawa basi shtuka. Lakini bora zaidi kipimo cha DNA, cha moja kwa moja kipo tangu 2011. Anaugua yule aliyerithi kasoro kwa baba na kwa mama wote wawili, aliyerithi kwa mmoja haugui ila anapitisha kwa watoto. Nikamwambia jamaa: karatasi ya DNA ya kila mtoto, si ya wazazi peke yake, na kama mfugaji anasita, achana nae hata akikupa kwa nauli tu.

Sasa ile hoja ya ulinzi. Hapa Azawakh kashinda na sitaki kupindisha. Usiku konde inataka mbwa wa kushtua, na Basenji kubweka hana. Jamaa alinibana sana hapa, kasema unanipa mbwa bubu nilinde muhogo kwa imani? Jibu likatoka kwa mzee, kasema sauti waachie mbwa wangu. Ana majike mawili ya kienyeji, moja litahamia banda la konde, lina mdomo, likisikia mguu wa nguruwe kijiji kizima kinajua. Na mie niliuliza waziwazi, kwani tusiishie kwenye mbwa wa kienyeji tu? Mzee mwenyewe ndo aliyekataa. Kasema mbwa wake wana nguvu na mawe wanayajua, lakini siku hizi wamechanganyika na mbwa wa mahotelini na wa mjini, wengi wana mdomo na pua hawana, wanamfukuza paa wanamwacha nguruwe, na anataka kuona mbwa mwenye pua na kimya chake ndani ya kundi. Sikulitarajia hilo kutoka kwake na lilinipa raha, maana mzee yule hasemi kitu kumfurahisha mtu.

Mwisho jamaa kamwandikia rafiki yake kamshukuru kwa Azawakh na kamweleza habari ya maweni, akatuma na picha za mawe, rafiki akaelewa na wale watoto wamepata nyumba huko huko. Basenji wanakuja wawili, dume na jike wasio ndugu. Jike la Basenji linapata joto mara moja tu kwa mwaka, kwaiyo hatutashtukia watoto kila baada ya miezi sita, lakini madume ya mzee yako karibu, kwaiyo uzio wa banda utafunikwa kwa waya juu, maana Basenji anapanda uzio. Kuchanganya damu na mbwa wa kienyeji mzee anataka, jamaa anataka, mie nimesema kwanza wamalize masika moja na vuli moja hapa wakiwa hai na afya, na mbwa wa kienyeji atakayepandishwa apimwe kwanza homa ya kupe. Kengele mzee keshachonga, mbili, za mti, na sauti zake mbali mbali ili ajue nani yuko upande gani wa nyavu.